Kuvamia Malisho ya Babu Yako: Mwongozo kwa Anayeanza

Uhalifu mwingi ni kazi ngumu. Mwizi wa kuku lazima azoeane na mbwa wa jirani, asubiri mwezi utue, kisha akimbie gizani huku kuku anapiga kelele kwapani. Mwizi wa ng'ombe ndiyo usiseme: atembee usiku kucha, afute nyayo, na kukicha awe ameshampata mchinjaji asiyependa maswali. Hata mla rushwa kasoma, tena kwa miaka. Mtu mvivu, au yule aliyelelewa vizuri mpaka akaona haya kugusa cha mwenzake, hana mlango wa kuingilia.

Upo uhalifu mmoja unaomfaa. Hautaki kipaji, hautaki nia mbaya, hautaki hata utoke nyumbani. Unasimama palepale kitovu chako kilipozikwa, na uhalifu unakuja wenyewe, umepanda trekta. Kisheria unaitwa kuingia kwa jinai. Hapa Tanzania ulifundishwa sehemu nyingi, lakini kwa maoni yangu hakuna chuo kilichoifikia Basotu, kule magharibi ya Mlima Hanang, ambako watu walihitimu kwa ukoo mzima, wengine wakiwa bado wamelala.

Mahitaji

Cha kwanza, zaliwa mahali pazuri. Wengi hukosea hapa. Wanazaliwa kwenye mawe, au kwenye mteremko usiolimika, halafu wanashangaa mbona hawavamii kitu. Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kuvamia jabali. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, walichagua vizuri: udongo mzito unaoshika maji, nyasi tamu, na ziwa. Malisho yao waliyapa majina kwa aina zake, na yale bora kuliko yote, yaliyoko kwenye mabonde ya tambarare ya Basotu, waliyaita muhajega. Kwa kuwa walijua thamani yake, hawakuyalisha mwaka mzima. Waliyapumzisha, wakahamisha ng'ombe kwingine kwa zamu, wakarudi msimu wake ulipofika. Zingatia sana kipengele hiki cha kupumzisha. Machoni pa mfugaji, nyasi zilizopumzishwa ni akiba. Machoni pa mpimaji aliyetoka mjini na ramani, ni ardhi isiyo na mwenyewe.

Cha pili, uwe na jina baya, ambalo hukujipa wewe. Wamasai, waliopigana na Wadatoga kwa vizazi, waliwaita Mang'ati, yaani adui. Wakoloni wakalichukua neno hilo la kwenye vita wakaliandika kwenye ramani, na mpaka leo wapo wanaosema Wamang'ati bila kujua wanatukana. Hebu fikiria raha ya kufika mbele ya hakimu ukiwa umeandikwa "adui" kabla hujafungua mdomo. Ni kama kwenda kwenye usaili wa kazi ukakuta jina lako limeshabandikwa ukutani, kwenye orodha ya walioshindwa.

Cha tatu, ng'ombe. Wengi iwezekanavyo. Utaona sababu.

Onyo kabla ya kuanza

Usijaribu kuhalifu kwa mila za hapohapo. Ni hatari. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, George Klima, aliyeishi na Wabarabaig katika miaka ya 1950, ameeleza mabaraza yao, na moja limenifanya nimshukuru Mungu kuwa mimi ni mtu wa mahakama za kawaida. Ni baraza la wanawake, girgwageda gademg. Mwanamume akimtendea mwanamke ubaya unaoonekana kuwagusa wanawake wote, akina mama wa jirani wanakusanyika chini ya kivuli cha mti. Wanaume hawaruhusiwi kukaribia. Mashauri yanasikilizwa, mabibi wanahoji, mtu anaelezwa alichofanya na mkewe anasaidiwa kukumbuka. Kisha inatoka hukumu: dume jeusi.

Dume jeusi, ndugu yangu. Sio jekundu, sio la mabakamabaka, sio mtamba mwenye makengeza uliyekuwa unatafuta namna ya kumwondoa zizini. Ukikataa kulitoa unalaaniwa, na laana ya akina mama wengi kwa pamoja si kitu cha kukata rufaa. Hakuna wakili, hakuna kuahirisha kesi kwa sababu upelelezi haujakamilika, hakuna faili kupotea. Nani atathubutu kupoteza faili lililo kichwani mwa bibi wa miaka sabini?

Hata damu ikimwagika ndani ya kabila, shauri linakuwa la ukoo kwa ukoo, na malipo ni mifugo. Ukiangalia vizuri utaona kwamba adhabu yote ya Kidatoga ilizunguka zizi: kosa linatoka kwa mtu, linalipwa na ng'ombe. Wageni waliokuja baadaye hawakuelewa mengi kuhusu Wadatoga, lakini hilo la ng'ombe walilielewa siku ya kwanza.

Historia fupi ya walimu

Ziwa Basotu lina viboko. Nalitaja hili kwa sababu Wajerumani walimgeuza mnyama huyo kuwa sheria. Ngozi yake ilikatwa, ikasokotwa, ikakaushwa, na mpaka leo Kiswahili hakitofautishi mnyama na fimbo. Lakini wasisingiziwe kwamba walichapa ovyo. Mwaka 1896 Berlin ilitoa amri iliyoweka kiwango: viboko visizidi 25 kwa mara moja, na kama mtu amehukumiwa awamu ya pili, asubiri wiki mbili. Watu wakaiita hamsa ishirini, na neno likaingia kwenye lugha kama jina la kipimo, mithili ya pishi au kibaba. Nimejiuliza mara nyingi yule karani aliyekaa Berlin aliipataje hiyo 25, na kwa nini wiki mbili. Lazima aliona ameleta ubinadamu. Huenda jioni alimsimulia mkewe.

Waingereza waliona kumchapa mtu mmojammoja kunachelewesha. Mwaka 1921 wakatunga sheria ya adhabu ya pamoja, na hii ilikuwa neema kwa mhalifu mvivu. Mauaji yalikuwepo, tusidanganyane: kijana wa Kibarabaig aliyeua simba au tembo alitunzwa ng'ombe na kuimbwa, na mkuki wa kutafuta sifa mara nyingine ulimkuta jirani wa kabila jingine aliyekuwa akienda zake. Muuaji akishapotea porini, askari wafanye nini? Wafuatilie nyayo? Sheria iliwapa njia fupi: kusanya ng'ombe wa watu wote wa eneo lile. Basi mzee aliyekuwa amelala kwake, ambaye muuaji hamjui kwa sura wala kwa jina la baba, anaamka asubuhi akiwa mshirika wa mauaji, na idadi ya makosa yake inahesabika kwa vichwa vya mifugo vinavyotoka zizini.

Uhuru ulipokuja, tukarudi kwenye fimbo kwa ari mpya. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliweka makosa kadhaa kwenye kapu moja, wizi wa ng'ombe ukiwa jirani na wizi wa fedha za umma, na ikaagiza kifungo pamoja na viboko 24: 12 unapoingia gerezani, 12 unapotoka. Mwalimu Nyerere alipoyakumbusha hayo mwaka 1995 alisema zile 12 za mwisho zilikuwa za kwenda kumwonyesha mke nyumbani, na watu wakacheka. Kuna kizazi kizima cha Watanzania ambacho somo pekee kinalolikumbuka kuhusu rushwa ni hilo la mke.

Mwaka 1983 nao una sehemu yake. Ilikuja sheria ya wahujumu uchumi, na mtu mwenye katoni za sabuni uvunguni akagundua amelala juu ya jinai. Lakini yule alikuwa angalau amenunua sabuni. Sisi tunataka mtu asiyenunua chochote.

Namna ya kufanya

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe.

Kaa ulipo. Subiri nchi ipende mkate. Tanzania ya miaka ya mwisho ya 1960 ilikuwa inaagiza ngano nje, na mtu fulani akaikumbuka ile ardhi isiyo na mwenyewe. Likaundwa shirika la umma, NAFCO, mwaka 1969. Kanada ikaleta fedha, wataalamu na mashine za tambarare zao. Na kuanzia shamba la Basotu mashamba yakaongezeka mpaka yakawa saba: Basotu lenyewe, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret, Gidagamowd. Kwa jumla karibu ekari 100,000. Ukisimama ukingoni wakati wa mavuno unaona kombaini zinakwenda kwa safu, ngano inameta mpaka macho yanauma. Sitakataa kwamba inapendeza. Ni ngano nzuri sana. Iko juu ya muhajega.

Wewe bado umekaa. Usisogee, usiharibu zoezi. Asubuhi ng'ombe wako wanaamka na kufuata njia ya kwenda majini, njia waliyoifuata mama zao. Njiani wanakutana na ngano. Hapo ndipo unapohitimu.

Kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kuingia kwa jinai ni kuingia kwenye mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine kwa nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi aliye nayo. Soma tena hilo la kuudhi. Nimewahi kumtazama ng'ombe wa kienyeji akila ngano changa, na nakiri kwamba usoni pake palikuwa na kitu. Dharau? Sijui. Lakini aliyeshtakiwa kwa uso ule ni mchungaji wa miaka kumi na tano, mwenye fimbo na shuka, aliyekuwa akijaribu kuwatoa.

Wafugaji walikamatwa kwa kukatiza mashamba, wakatozwa faini, wengine wakafungwa, na mifugo ikashikwa. Njia za kwenda kwenye maji na kwenye mawe ya chumvi zikafungwa, hivyo kila safari ya kawaida ikawa na uwezekano wa kuishia kituoni. Hapa nawaomba wanafunzi wangu waone ubora wa mtaala: hata asiyetaka kusoma alisoma.

Kwa wenye bidii ya ziada kulikuwa na somo la makaburi. Mzee wa Kibarabaig aliyeheshimika hazikwi kimyakimya. Anajengewa bung'eda, kaburi linaloinuliwa kwa udongo na miti, awamu kwa awamu kwa miezi mingi, mpaka linamzidi mtu kimo, na watu wanatoka mbali kuja kuimba na kunywa pombe ya asali. Likishakamilika linabaki pale, na wajukuu wanarudi. Mashamba yalipofunguliwa, baadhi ya makaburi hayo yalilimwa pamoja na nyasi. Basi ukaja uwezekano ambao sijausikia kwingine: mtu kukamatwa kwa kuvamia akiwa njiani kumsalimia babu yake, na babu mwenyewe, kwa kuwa hakuondoka, kuendelea kuvamia usiku na mchana, kifungo kisimpate.

Ukikamatwa

Nenda mahakamani. Ndiyo, wewe mhalifu, ukawashtaki waliokuvamia. Inachangamsha.

Halmashauri ya kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walifanya hivyo. Walifungua kesi ya madai namba 10 ya mwaka 1981 katika Mahakama Kuu, Arusha, wakisema NAFCO ndiyo iliyovamia. Na wakashinda! Usicheke bado. NAFCO ilikata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikapindua ushindi ule. Kijiji, ilisema, hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile na mamlaka inayohusika. Kuandikishwa kuwa kijiji hakutoshi. Na wale watu mmojammoja, wanaodai haki za kimila, hawakuthibitisha kwamba ni wenyeji.

Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa nikiwa na chai, mara kadhaa bila chai. Sheria ya ardhi iliyorithiwa kwa Mwingereza ilimpa haki za kimila mtu anayeitwa "mwenyeji", yaani wa jamii ya Kiafrika, kwa hiyo anayedai haki hizo anatakiwa alete ushahidi kwamba yeye ndiye. Mwanasheria atakwambia hoja ni safi: mdai anathibitisha kila kipengele cha madai yake. Sawa. Lakini tukiwa hapa kwenye chuo cha uhalifu, tuulize kwa vitendo: Mbarabaig wa Mulbadaw athibitishe vipi kwamba ni mwenyeji?

Alete babu? Babu yuko chini ya ngano. Alete jina? Jina la kwenye ramani linasema yeye ni adui. Alete ng'ombe mbele ya mheshimiwa jaji? Wameshikwa kama kielelezo cha kesi nyingine. Abakie na risiti ya kodi. Hii ingefaa, kwa sababu Mwingereza alipokusanya kodi ya wenyeji hakumwomba mtu yeyote wa Basotu athibitishe uenyeji wake. Alimtazama tu, akaandika stakabadhi. Kulipa, ulikuwa mwenyeji wa kuzaliwa. Kumiliki, ulete mashahidi.

Kesi nyingine zilifuata mwaka 1988 na 1989, wafugaji wa Gawal, wa Gidagamowd na Waret. Safari hii watu walikwenda wakiwa wamejifunza, wakiwa tayari kuthibitisha wao ni nani. Lakini chuo nacho kilikuwa kimebadilisha mtihani. Tangazo la Serikali namba 88 la mwaka 1987, lililotolewa na Waziri Mkuu, lilikuwa limezifuta haki za kimila katika eneo lile. Kuzifuta, kama ubao. Tangazo linachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na likishachapishwa unahesabika umelisoma. Silijui duka la Basotu lililokuwa likiuza Gazeti la Serikali mwaka 1987, lakini nadhani mchungaji mwangalifu angejiwekea oda.

Wabarabaig wakafanya jambo ambalo silipendekezi kwa anayeanza, kwa sababu linahitaji juhudi: waliandika barua ya wazi kwa wananchi wa Kanada, wakawaeleza mkate wa msaada wao umeokwa juu ya nini. Mambo yakaanza kuulizwa Ottawa ambayo hayakuwa yameulizwa Dar es Salaam. Ni wakati mzuri kwa nchi huru kujua kwamba njia fupi ya kutoka Basotu kwenda mji mkuu wake inapitia Kanada.

Rufaa ya jirani

Kwa wanaopenda mifano ya karibu, sogea kaskazini kidogo mpaka Kambi ya Simba, Mbulumbulu, iliyokuwa wilaya ya Mbulu wakati huo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imehamisha watu na kugawa mashamba yao kwa wengine, na miaka ya 1980 wenye mashamba walianza kwenda mahakamani na kurudishiwa. Serikali ikaona aibu ya kushindwa kila siku, na mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kuzifuta haki hizo za zamani, bila fidia, na kuzifungia mahakama mlango. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, waliokuwa wameshashinda kesi yao, wakaipinga.

Desemba 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakasema haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na haichukuliwi bila fidia. Nyalali akaongeza kwamba, kama hoja ya Serikali ingekubaliwa, sehemu kubwa ya wakazi wa nchi hii wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Kwa hesabu zangu hapo chuo cha Basotu kilikuwa kimebakiza kidogo tu kufungua matawi nchi nzima, kuanzia Kagera hadi Mtwara, ada ikilipwa kwa ng'ombe.

Wakanada walikwishafunga mizigo mapema miaka ya 1990. NAFCO nayo baadaye ikabinafsishwa, na baadhi ya mashamba yakarudi mikononi mwa vijiji, ambako sasa watu wanagombana wao kwa wao kwa njia za kawaida, mkulima na mfugaji, kama nchi nyingine yoyote.

Vifaa vya kubeba

Kama bado unataka kujaribu, utahitaji vitu vichache. Fimbo, kwa ajili ya ng'ombe tu; ukiinyanyua juu ya kiuno kosa linabadilika namba. Shuka, kwa sababu mahabusu za nyanda za juu usiku kuna baridi. Simu yenye chaji, siku hizi, ili mtu wa nyumbani ahesabu ng'ombe kabla na baada ya kushikwa, maana mara nyingine hesabu hizo mbili hazipatani.

Kubwa zaidi, usitupe risiti za faini. Najua hasira inavyokuwa, mtu anatoka kituoni anaikunja na kuitupa mtaroni. Usiitupe. Isome kwanza. Ina mhuri. Ina tarehe. Ina jina lako na la baba yako, jina la kijiji, idadi ya mifugo, na mahali ilipokutwa ikilisha. Mzee wa Mulbadaw alihangaika mpaka Mahakama ya Rufani kutafuta karatasi moja ya serikali inayokiri kwamba yeye na ng'ombe wake walikuwa pale. Weka yako kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na mchwa.